Tajiri wa Jumanne Hadi Alhamisi

Sina muda wa hadithi mimi. Mihogo yangu imelala uani haijamenywa, goti la kushoto linaniuma tangu masika, na kila anayepita hapa Maneromango anajibwaga kwenye mkeka wangu na kusema, Bi Hamisa, hebu tueleze habari ya Mwinyimadi na nyumba ya Kibaha. Mnaijua tayari. Dulla wa bodaboda amekwisha kuitangaza kila kijiwe. Lakini Dulla hakuwepo, na Dulla akisimulia mbuzi huzaa ng'ombe. Basi naiandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kwa herufi nilizofundishwa kwenye elimu ya watu wazima. Zikikushinda kusoma, shauri yako.

Tangu Kisarawe iitwe Kisarawe, hajatokea mtu aliyetajirika upesi kama Mwinyimadi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Alitajirika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Utajiri ukadumu mpaka Alhamisi, adhana ya adhuhuri.

Kabla ya hapo alikuwa mtu kama watu. Ana pikipiki yake ya bodaboda pale Mlandizi, ana chumba cha kupanga, ana kitanda cha tano kwa sita, ana kakiwanja. Umri wake arobaini na moja. Tatizo lake ni moja tu: Mwinyimadi hawezi kuona kiti cha mbele akakipita. Hata msibani anakaa na wazee.

Sasa pale Maili Moja pakawekwa semina, ghorofani, juu ya duka la nondo. Watu wanalipa elfu thelathini kila mmoja wafundishwe kutajirika. Mimi nasema siku ile alitajirika mtu mmoja, naye ni yule aliyekaa mlangoni kuzipokea hizo elfu thelathini. Mwinyimadi yeye alirudi na cheti kilichofunikwa nailoni, na mwendo mpya. Alikuwa anatembea kama vile barabara ya Morogoro ilitiwa lami kwa ajili yake.

Akaja hapa kwangu, akaniamkia, nikaitikia marahaba, hakungoja hata maji ya kunywa.

"Shangazi," akasema, "maskini ananunua nyumba. Tajiri ananunua deni la nyumba."

Nikamuuliza hilo deni linaezekwa kwa bati au kwa makuti.

Akacheka kicheko cha semina, kile cha kumwonea mtu huruma. Akanieleza. Kuna bwana mmoja anaitwa Evodius, ana nyumba Picha ya Ndege, hapo hapo Kibaha, ya vyumba sita, imejaa wapangaji. Evodius alikopa milioni nane kwa Ponsiano, muuza mbao, akaiweka nyumba rehani kwa maandishi na mashahidi. Muda umepita, hajalipa. Ponsiano naye anataka pesa ya kwenda kuchukua mbao, hana subira ya kuvutana. Kwa hiyo anaiuza ile karatasi ya rehani kwa milioni sita. Mwenye karatasi ndiye anayedai. Evodius akilipa, Mwinyimadi anapata nane kwa sita. Evodius akishindwa, Mwinyimadi anapata nyumba.

"Nikishinda napata, nikishindwa napata," akasema.

Nikamwambia mtego nao humwambia panya vivyo hivyo.

Nikamuuliza pia kama amezungumza na wapangaji. Akaniambia tajiri hazungumzi na wapangaji, tajiri anazungumza na hati. Mimi nikarudi kwenye mihogo yangu, maana hati ni mambo ya waliosoma.

Pikipiki alikuwa amekwisha kuiuza. Kiwanja amekwisha kukiuza. Zote pamoja milioni nne. Zilipungua mbili. Akawa anaongea nami huku macho yake yamenipita bega, yanaangalia mikorosho yangu.

Asiye wa pwani huenda hajui. Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Unaweza ukaweka mikorosho rehani, shamba likabaki lako. Anayekupa pesa ndiye anayeokota korosho, msimu huu na msimu ujao na ujao, mpaka siku utakayomrudishia pesa yake. Hujarudisha, anaokota. Umekufa, anaokota. Nimeona watu wazima wanapita chini ya miti ya baba zao wameinamisha kichwa, korosho inawadondokea begani na hawaruhusiwi kuiokota.

Mikorosho yangu ni arobaini. Niliipanda mwenyewe, mwaka nilioachika, ili nisimpigie mtu magoti. Ndiyo iliyoezeka nyumba hii. Ndiyo iliyonilipia operesheni ya jicho. Mtoto nimejaaliwa mmoja na yuko mbali, miti iko hapa.

Mtaniuliza kwa nini nilikubali, basi. Kwanza hayawahusu. Pili, Mwinyimadi alisema neno moja, akalisema taratibu, huku anajifuta viatu.

"Au Shangazi unaogopa?"

Mimi. Hamisa. Niliyemfukuza nguruwe pori kwa mwiko.

Tukaenda kwa Hashiru, mnunuzi wa korosho hapa kijijini, mtu mwenye tabasamu refu na mizani fupi. Akatoa milioni mbili, akaandika: pesa ikirudi kabla korosho ya kwanza haijadondoka, miti ni ya Hamisa. Isiporudi, Hashiru anaokota. Nikaweka dole gumba. Kusaini najua, tena vizuri, ila kalamu ya Hashiru ilikuwa imetafunwa na sikujua ni meno ya nani.

Mwinyimadi akanihakikishia: mwezi mmoja tu. Kodi ya vyumba sita, elfu arobaini kila chumba, laki mbili na arobaini kila mwezi, na Evodius akikabwa atalipa nane zote. Mpaka mikorosho itoe maua, mimi nitakuwa nakunywa chai ya maziwa Kibaha, nimekaa kwenye kochi.

Basi Jumanne, katikati ya mwezi wa sita, akaenda na karatasi yake kumkaba Evodius. Alijiandaa kwa vita. Alichukua mjumbe wa mtaa, akachukua mashahidi wawili, akavaa koti kwenye jua la Kibaha. Hotuba alikuwa ameikariri.

Evodius hakumpa nafasi ya kuitoa. Alisema yeye pesa hana, na haki ni haki, nyumba chukua. Akaandika mbele ya mjumbe, akasaini, akampa funguo, akampa mkono. Akamnunulia soda. Mwinyimadi mwenyewe ndiye aliyenisimulia kwa simu siku ile, sauti imempanda, kwamba Evodius alikuwa anatetemeka kwa hofu.

Nikamuuliza kama mtu anayetetemeka kwa hofu hununua soda.

Akaniambia, "Shangazi, nyumba ya vyumba sita. Sita. Hebu kwanza nipongeze."

Nikampongeza.

Jumatano ilikuwa siku ya makeke. Alirudi Mlandizi akakiacha chumba chake cha kupanga, akauza kitanda, godoro na meza, kwa sababu mwenye nyumba hahami na vitu vya mpangaji. Akanunua kopo la rangi nyekundu akaandika ukutani kwa mkono wake NYUMBA HII HAIUZWI, herufi kubwa kama milango, na hakuna aliyekuwa amemuuliza bei. Akanunua daftari la kodi lenye jalada gumu. Usiku huo alilala gesti ya pale barabarani, akajilipia chumba chenye feni, maana alishapanga kwamba kesho atamtoa mpangaji wa chumba cha mbele na kukaa yeye.

Alhamisi akaenda kukusanya kodi.

Haya ya Alhamisi nayasema kama alivyonieleza Eugenia, na Eugenia haongezi wala hapunguzi, maana ni fundi cherehani. Ni mama wa makamo, mtu wa bara, anashona sare za shule, na pale nyumbani anashika vyumba viwili: kimoja analala, kimoja cherehani na vitambaa. Alikuwa uani anapiga pasi. Mwinyimadi akaingia na koti, akajitambulisha jina kamili pamoja na la babu, akafungua daftari juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Eugenia akamkaribisha vizuri sana. Akamletea kiti. Akaita wapangaji wote watoke wamwone mwenye nyumba mpya. Wakatoka, wakamsalimu kwa heshima, wakampa pole na safari, ingawa alitoka gesti ya ng'ambo ya barabara.

"Tumekungoja kwa hamu," Eugenia akasema. "Choo kimejaa."

Mwinyimadi akaandika kwenye daftari: choo.

"Na bati la chumba cha nne linavuja. Na bomba la maji limekatwa, bili alikuwa anadaiwa mwenye nyumba."

Akaandika. Bati. Bomba. Kisha akakohoa kile kikohozi cha wenye mali, akasema yote yatashughulikiwa, sasa tuanze na kodi ya mwezi huu.

Wapangaji wakatazamana. Eugenia akaingia ndani, akatoka na karatasi imehifadhiwa ndani ya mfuko wa sukari. Mwingine naye akaingia akatoka na yake. Mpaka zikafika zote za vyumba sita.

"Sisi tumeshalipa, baba," Eugenia akasema. "Evodius alitukusanya mwezi uliopita. Akasema ana shida, tukilipa mwaka mzima hatapandisha. Tumelipa mpaka mwezi wa tano mwakani."

Hapo ndipo muadhini wa pale Picha ya Ndege alipoanza adhana ya adhuhuri. Eugenia anasema Mwinyimadi aliisikiliza yote, hajageuza shingo, kalamu iko hewani.

Jamani, hii ndiyo nchi yetu. Hakuna anayepanga chumba akalipa mwezi. Ni miezi sita, ni mwaka, mkononi, kabla hujaingiza hata ndoo. Mwinyimadi mwenyewe kalipa hivyo Mlandizi miaka kumi na moja. Kalalamika miaka kumi na moja. Lakini alipogeuka kuwa tajiri akasahau kwamba kuna aliyekwisha kuila kodi kabla yake.

Mimi sikusoma hesabu, lakini korosho nimezihesabu. Vyumba sita, miezi kumi na miwili, elfu arobaini: milioni mbili na laki nane na themanini elfu. Evodius kazitia mfukoni. Juu yake weka nane za Ponsiano. Soda ile aliyomnunulia Mwinyimadi ilikuwa shilingi mia saba.

Mwinyimadi akapiga simu ya Evodius. Mwanamke wa kwenye simu akamwambia mtumiaji hapatikani, akamwambia tena, akamwambia mara tisa. Akaenda kwa mjumbe, kwamba anataka kumtoa mpangaji wa chumba cha mbele. Mjumbe akasema hakuna shida, mrudishie pesa yake ya miezi iliyobaki. Mwinyimadi alikuwa amebakiwa na elfu kumi na tisa na kopo la rangi nusu.

Haya yote mimi sikuyajua! Mimi niko Maneromango, kila wiki napigiwa simu: Shangazi, mambo mazuri. Shangazi, pesa iko kwenye mzunguko. Mwezi wa saba ukaisha. Wa nane ukaingia, mikorosho ikatoa maua, nikilala nayasikia kwa pua.

Siku moja asubuhi naamka, nasikia ufagio. Si wangu. Natoka, namkuta Hashiru chini ya mikorosho yangu na watu wawili, wanafyeka, wanafagia, wanaandaa uwanja wa kuokotea. Akaniamkia vizuri tu. Akasema hana haraka, anajiandaa tu, na kwamba maua ya mwaka huu ni mazuri, mwaka ujao yatakuwa mazuri zaidi. Alisema mwaka ujao.

Nilivaa kanga mpya, nikafunga ukaya kichwani, nikaondoka na goti langu kwenda Kibaha.

Ile nyumba niliiona kwa mbali, haiuzwi. Nikaingia uani, nikabisha hodi, nikauliza mwenye nyumba yuko wapi. Eugenia akanielekeza mlango.

Namkuta mtoto wa kaka yangu amekaa chini, miguu kainyoosha, kazungukwa na mashati meupe ya shule kama mtu aliyeangukiwa na bonge la wingu. Sindano mdomoni. Anashona vifungo.

Vyumba vyote sita vilikuwa na watu, na yeye hana kitanda wala pa kukiweka. Alimwomba Eugenia amwachie pembe moja ya chumba cha cherehani. Eugenia akakubali bila ubaya, akamtajia masharti: elfu kumi na tano kwa mwezi, analipa miezi sita kabla ya kuingia. Mwinyimadi akasema lakini nyumba ni yangu. Eugenia akasema ndiyo, na chumba ni changu mpaka mwezi wa tano. Pesa hakuwa nayo. Basi analipa kwa vifungo.

"Shikamoo Shangazi," akasema, sindano bado iko mdomoni.

"Hashiru anafagia chini ya mikorosho yangu," nikamwambia.

Akaitoa sindano. Akalia. Mwanaume wa miaka arobaini na moja, analowesha sare za watoto wa watu, mpaka Eugenia akaja kuyaondoa mashati ya juu. Akasema ataiuza nyumba. Nikamwambia na huo ukuta ulioupaka rangi je? Tena nani atanunua nyumba ya mwaka mzima bila kodi, yenye choo kilichojaa? Atapata mwingine wa semina, lakini si mwezi huu.

Nikakaa juu ya furushi la vitambaa nikafikiri. Mimi nikifikiri natafuna tambuu, na pale tambuu hapakuwa, kwa hiyo nilifikiri kwa hasira.

Kisha nikamuuliza Eugenia: hapa Picha ya Ndege vyumba vinapanda au vinashuka? Akasema vinapanda kila siku, watu wanakimbilia huku kutoka Dar, jirani keshafika elfu hamsini na tano. Nikamuuliza: akitokea mtu wa kukuuzia mwaka wa pili kwa elfu thelathini, akakuandikia mbele ya mjumbe?

Eugenia alizima pasi.

Jioni ile niliwaweka wapangaji wote uani. Mwinyimadi nilimweka nyuma, kwenye ndoo. Nikawaambia: miezi kumi na miwili, kuanzia wa sita mwakani mpaka wa tano mwaka ule mwingine, elfu thelathini badala ya arobaini, mkononi, ndani ya siku nne. Wakanong'ona. Mmoja akauliza choo je. Nikasema choo kwanza, kabla ya kingine chochote, na hapo wakapiga makofi.

Eugenia akatoa laki saba na ishirini elfu za vyumba viwili, za sare, akazihesabu mara mbili. Wengine wakaenda kukopa kwenye vikoba vyao vya akiba, wakapiga simu kwa shemeji zao. Wa chumba cha nne akapunguziwa elfu arobaini kwa sharti bati alizibe mwenyewe. Siku ya nne nikawa nimeshika milioni mbili na laki moja na ishirini elfu, zimefungwa kwenye pindo la kanga, na nikitembea zinanigonga paja.

Gari la majitaka likaja likala laki na elfu ishirini. Milioni mbili nikarudi nazo Maneromango, nikamkuta Hashiru chini ya mkorosho wa saba, kaegemea, anakunywa maji. Nikazihesabu mbele yake, kwa sauti, ili watu wake wasikie. Juu ya vichwa vyetu korosho zilikuwa za kijani bado, hazijazidi kucha ya kidole cha mwisho. Karatasi yenye dole gumba langu nikaichana vipande vinne, nikavitia kwenye jiko nikaivishia mihogo. Hashiru akataka apewe cha kufidia kufyeka. Nikampa mhogo mmoja, wa moto, na nikamsifu kwamba anafagia vizuri kuliko wakwe zangu wote wa zamani.

Basi hiyo ndiyo habari. Mikorosho ni yangu. Mwinyimadi ni mmiliki halali wa nyumba ya vyumba sita pale Picha ya Ndege, na anayebisha akasome ukuta. Kodi yake ya kwanza ataishika mkononi baada ya miaka miwili kasoro kidogo, Mungu akipenda, na choo kikingoja. Mpaka hapo anaendelea kupanga kwa Eugenia. Juzi kanipigia simu amevunjika moyo: Eugenia anasema maisha yamepanda, ile pembe sasa ni elfu ishirini.

Sasa nimesimulia, zamu yako. Hilo shati ulilovaa najua lina kifungo kimoja kinalegea, angalia hapo kwenye mkono. Livue, ulipeleke Picha ya Ndege, uani, mlango wa cherehani. Kifungo ni shilingi mia mbili na usiombe punguzo, maana yule ni mtu mwenye nyumba. Ila pesa usimpe yeye. Mpe Eugenia, anamdai.